Panya Wengi, Shimo Moja

Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo, na mtoto hakuwa naye. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: meza yenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchongea, tupa za kila ukubwa ukutani, na funguo tupu zikining'inia kwenye misumari zikisubiri kutiwa meno. Mteja akija na ufunguo wake alisema, "Nichongee pacha," naye akamchongea pacha. Alikuwa amechonga pacha wa milango ya wapangaji, ya wachumba, ya maofisi, na safari moja ya mzee mmoja aliyetaka kumshtukiza mkewe kwa zawadi, akashtukizwa yeye. Kazi hiyo ilimfundisha kuona mengi na kusema machache.

Lakini kinyozi hajinyoi. Ufunguo wa nyumba yake yeye haukuwa na pacha. Ulikuwa mmoja tu, kwenye kamba shingoni mwake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila akirudi safari ilimbidi apite dukani na kubisha kwenye nyumba yake mwenyewe, mkoba mkononi. Madereva wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Mkeo ana funguo za mji mzima, wewe unagonga!" Naye alicheka nao. Sababu aliijua, na hakuwa mtu wa kuchokonoa kidonda.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Miaka michache nyuma Mama Funguo alishika mimba yake ya kwanza, ikaharibika. Nyumba ikajaa watu. Mama mkwe wake wakati huo alikuwa na ufunguo, akawa anaingia na kutoka, anapika, anafagia, anapokea wageni, na kusema kweli alifanya kazi ya watu watatu. Siku moja Mama Funguo, akiwa amelala chumbani, mlango umerudishwa nusu, alimsikia jikoni akimwambia jirani: "Angeacha hizo tupa na hayo mavyuma, saa hizi tungekuwa tunangoja mtoto." Basi. Hakusema tena, wala hakusema kwa ukali. Wageni walipokwisha kuondoka Mama Funguo alichukua bisibisi yake, akang'oa kitasa cha mlango, akatia kipya.

Mama mkwe alikuja siku chache baadaye na kikapu cha mboga. Ufunguo uliingia, ukakataa kuzunguka. Alijaribu mara ya pili, akaweka kikapu kizingitini, akaondoka. Tangu siku ile walisalimiana vizuri kwenye simu, "hujambo mwanangu," "shikamoo Mama," na neno kitasa halikutajwa kamwe.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, nayo ilikuwa imekua vizuri, tumbo limetangulia mbele kiasi kwamba mezani ilibidi akae upande. Mama mkwe akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki.

"Mwanangu, mumeo yuko njiani siku zote. Nilikuwa nawaza nije nikae nawe kidogo, mimi na wifi yako. Mpaka ujifungue."

"Ahsante, Mama," alisema Mama Funguo, "lakini panya wengi hawachimbi shimo. Nitaweza."

"Haya, mwanangu," akasema mama mkwe, na simu ikakatika. Mama Funguo alibaki ameishika. Alijiambia kwamba amesema vizuri, tena kwa methali, hakuna wa kumlaumu. Na bado moyo wake haukutulia jioni ile nzima.

Yule wifi, dada mdogo wa mumewe, ndiye aliyeleta panya wenyewe. Alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe, msichana mwenye maneno kama cherehani, na alifika dukani amekumbatia ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa wavu.

"Wifi, niokoe. Mwenye nyumba wangu amesema chumba amempangisha mtu, hakumpangisha panya. Nihifadhie mpaka nipate pengine."

"Panya?" Mama Funguo alirudi nyuma, mkono juu ya tumbo. "Wenzio wanafuga kuku, wewe unaniletea panya?"

"Hawa siyo wale wa darini. Hawa ni panya-miiba, panya wa majabali. Angalia kwanza, kisha unifukuze."

Akaangalia. Ndoo ilikuwa imeshatafunwa ukingo wake, na ndani walikuwamo majike watatu wenye rangi ya mchanga, masikio makubwa yaliyosimama, macho meusi yanayong'aa. Mgongoni manyoya yao hayakuwa manyoya. Yalikuwa vijiti vigumu vilivyolala kuelekea nyuma, kama meno ya brashi ya viatu. Mmoja hakuwa na mkia kabisa.

"Huyu amefanywa nini?"

"Huyo ni Kibutu. Mtu alimshika mkia. Ngozi ya mkia wao huchomoka kama soksi, wifi, unabaki na soksi mkononi, mwenyewe amekimbia. Kilichobaki hukauka kikaanguka, wala hakioti tena. Kwa hiyo sheria ni moja: mkia usiguse. Ukitaka kumhamisha, mwache aingie mwenyewe kwenye kikombe."

Mama Funguo alikuwa tayari kukataa. Lakini alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa kitu asichokielewa jinsi kilivyoungwa, hana ujanja. "Waache," alisema. "Kwa muda."

Ndoo aliidharau tangu mwanzo. Kesho yake alikata vioo na mabati, akatengeneza kizimba cha maana, chenye kimlango na kikomeo cha shaba kisichozidi ukucha. Ndani akamwaga mchanga mkavu ili waogee, maana wifi alisema hawa huoga mchanga, na akapanga mawe bapa moja juu ya jingine, nyufa katikati.

"Kwa nini mawe? Si wachimbe shimo lao?" aliuliza wifi alipokuja Jumamosi.

"Si ulisema ni panya wa majabali?"

"Umeshika!" Wifi alipiga makofi. "Hawachimbi hata kidogo. Wanaishi kwenye nyufa za miamba, ukoo mzima pamoja, wamebanana. Ukimweka mmoja peke yake ananyong'onyea."

Mama Funguo alilisikia hilo kwa sikio moja. La pili lilikuwa linasikiliza wanavyotafuna.

Ikawa asubuhi, kabla hajafungua duka, anaanzia kwao. Mbegu kidogo, kipande cha karoti, na mara mojamoja panzi aliyekaushwa, ambaye waligombania bila haya. Alizeti aliwapa kwa kuhesabu kwa sababu wifi alimwonya kwamba wakizoea mafuta hunenepa mpaka wakaugua sukari, kama wazee fulani tunaowajua. Wale wawili wenye mikia waliitwa Sindano na Tuli. Sindano ndiye aliyekuwa mkali, akikasirika miiba yake husimama yote. Tuli alikuwa mpole, mwenye kukaa pembeni. Na Kibutu, asiye na mkia, alikuwa mkubwa wao. Bila mkia wa kujisawazishia aliruka vibaya, akaanguka, akaruka tena. Wenzake wakijikunyata kulala, yeye ndiye aliyezunguka akiwalamba masikio.

Siku moja akisafisha kizimba, Sindano alichomoka akatua mezani, akakimbia kati ya tupa kuelekea ukingoni. Mama Funguo alimdaka. Mkia hakugusa, sheria aliikumbuka; alimshika mgongoni, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kushika chuma. Sindano alijipinda mara moja, na Mama Funguo akabaki na kipande cha ngozi yenye miiba katikati ya vidole. Panya alikuwa amesharudi kizimbani mwenyewe, kidonda chekundu mgongoni, wala hakulia.

Aliyelia ni Mama Funguo. Alimpigia wifi simu akisema ameua, ameua.

"Hujaua," wifi alisema. "Ngozi yao imeumbwa nyepesi makusudi. Adui akimshika amwachie ngozi, yeye aende zake. Usimpake kitu. Weka mchanga safi, kisha uangalie."

Aliangalia. Kwa kweli aliangalia kuliko alivyowahi kuangalia kitu chochote kisicho kitasa. Alichukua lenzi ya kukagulia meno ya funguo, akawa kila asubuhi anamchungulia Sindano. Kidonda kilijikusanya kutoka pembeni, kikakauka, kikawa kidogo. Kisha ngozi mpya, laini. Halafu manyoya. Halafu, na hapo ndipo alipoita mteja wa kwanza aliyepita aje naye ashuhudie, miiba. Mahali palipochanika hapakuwa na kovu. Hata kwa lenzi hakupaona.

"Na sisi je?" alimuuliza wifi. "Mbona sisi tunabaki na makovu?"

"Hilo ndilo wataalamu wanaloumiza vichwa. Mwili wetu una haraka, wifi. Unaziba tu, kama unavyotia kiraka bati linalovuja. Hawa hawazibi, wanafuma upya. Ila mkia. Mkia hata wao hawauwezi."

Mama Funguo alimtazama Kibutu, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akisugua pua kwa viganja vyake.

Wiki iliyofuata aligundua kwamba Tuli amenenepa, na haikuwa alizeti. Dume lilikuwa limebaki kwa rafiki wa wifi, lakini kumbe lilikuwa limeaga vizuri kabla ya safari. Mama Funguo alifurahi kuliko alivyotegemea. "Na wewe?" alimwambia Tuli kupitia kioo. Wote wawili walikaa upande.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na alilifanya kwa upendo, kama makosa mengi ya nyumbani. Tangu utotoni alisikia kwamba panya hula watoto wao. Isitoshe, aliamini kwa moyo wote kwamba kitu ambacho kiumbe chenye mimba hukihitaji kuliko vyote ni mlango wa kufunga. Bila kumuuliza wifi, alikata bati, akagawa kizimba sehemu mbili, akatia kikomeo kingine cha shaba. Tuli akapata chumba chake, jiwe lake, mchanga wake. Kibutu na Sindano wakabaki upande wa pili. Aliisifu sana kazi ile, hakukuwa na upenyo hata wa ukucha.

Kibutu alianza kukwaruza siku ileile.

Uchungu wa Tuli ulikuja Jumapili mchana, duka limefungwa, mume yuko mbali safarini. Mama Funguo alikuwa anakunja nguo ndogondogo aliposikia kelele ambayo hakuwahi kuisikia, meno juu ya bati. Alikwenda kuangalia. Kibutu na Sindano walikuwa wamesimama wima kwenye kizuizi wakikitafuna kama wamepagawa. Upande wa pili Tuli alikuwa amejikunja, ubavu unapanda na kushuka, na chini yake kitu kimetoka nusu. Mguu. Miguu miwili midogo ya nyuma, yenye kucha tayari, nayo haikusogea.

Alivuta kiti, akakaa, tumbo lake likigusa meza. Tuli alisukuma, akapumzika, akasukuma. Hakuna kilichobadilika. Aligeuka kujilamba, hakufika. Akalala ubavu.

Mama Funguo aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya panya peke yake. Alijiona yeye mwenyewe, katika nyumba hii hii, mlango umefungwa, ufunguo shingoni. Alichukua simu, akaibana kati ya sikio na bega.

"Wifi! Tuli anajifungua na mtoto ametanguliza miguu na amekwama na amechoka, na hawa wengine wamenusa damu wanataka kumla!"

"Subiri, subiri. Miguu kwanza siyo ajabu kwao. Hao wengine wako wapi?"

"Nimewafungia."

"Umewafungia?"

"Nilimpa chumba chake! Apate utulivu!"

Wifi akasema polepole, "Wifi yangu, hawataki kumla. Hawa wana ukunga. Mmoja akijifungua, wenzake huja kumsaidia. Wanamlamba mtoto, wanakata kitovu, mama anavuta pumzi. Fungua."

"Na kama umekosea?"

"Fungua mlango, wifi."

Vidole vyake, ambavyo vingeweza kutengua kufuli kwenye giza, vilishindwa na kikomeo alichokitengeneza mwenyewe. Kilikuwa kimetoshea vizuri mno. Aliking'ang'ania, kikateleza, akakishika tena kwa ncha ya bisibisi. Kikaachia.

Kibutu alipita wa kwanza. Alijikwaa kwenye ukingo, akaanguka kwa mdomo, akaamka. Alikwenda moja kwa moja, hakunusa damu wala nini, akamlamba Tuli usoni. Kisha akazunguka nyuma, akaishika ile miguu kwa viganja, akawa analamba, analamba, huku Sindano amejibana ubavuni kwa Tuli, miiba yote imelala. Tuli akajikusanya. Akasukuma. Mtoto akateleza akatoka, naye Kibutu akamfuta uso, akauma kitovu kikakatika, kazi safi kama ya mkasi.

Mama Funguo aliinamisha lenzi. Alitegemea kuona kile kijinyama chekundu kisicho na macho alichowahi kukiona kwenye viota vya darini. Huyu alikuwa na manyoya. Alikuwa mkubwa, amekamilika, na alipoinua kichwa akafumbua macho, akautazama ulimwengu kama mtu aliyeshuka kituo ambacho hakukata tiketi yake. Wa pili alikuja kwa wepesi, Kibutu yuko palepale anangoja. Punde wote watano walikuwa wamebanana kwenye ufa mmoja wa jiwe, hata hujui huyu ni nani na yule ni nani, na kile chumba cha faragha kimebaki kitupu.

"Wifi?" simu iliita kutoka begani. "Wifi, upo? Unalia?"

"Nalia," alisema Mama Funguo. "Wako salama. Wifi, mimi naogopa. Sitaki kuzaa peke yangu. Nilidhani nataka."

"Nakuja."

"Njoo. Na mwambie Mama..." Alishika kamba iliyokuwa shingoni. Maneno mazuri hayakumjia, yakamjia ya dukani. "Mwambie Mama kuna pacha wake hapa."

Akakata simu. Alivua kamba, akaubana ufunguo kwenye mashine, ubavuni mwake akaweka ufunguo mtupu aliouchagua kwenye msumari kwa muda mrefu kuliko kawaida, akawasha. Vumbi la shaba lilimrukia tumboni. Akausugua kingo kwa tupa ndogo ili usimkwaruze mtu vidole. Akachonga na wa mumewe, palepale, maskini.

Sasa wifi ni mtu wa haraka, na ujumbe aliufikisha kwa haraka. Wala mama mkwe si mtu wa kungoja sentensi ikamilike. Alichosikia ni "wifi," "amelia," na "pacha." Kwa hiyo nusu saa baadaye mtaa ulimwona mama mtu mzima anakuja mbio, kiatu kimoja cheusi na kingine cha bluu, bonge la furushi la nguo za watoto kichwani, na binti yake nyuma anamwita, "Mama, sikiliza kwanza!" Alisimama mlangoni mwa duka akihema.

"Wako wapi? Pacha wako wapi?"

Kisha akaona tumbo, bado liko mahali pake. Akatazama kulia na kushoto, akapotea kabisa.

Mama Funguo alinyoosha kiganja. Ufunguo ulikuwa bado una joto la mashine.

"Huyu hapa, Mama."

Mama mkwe hakuupokea mara moja. Aliteremsha furushi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alifungua fundo la pembe ya khanga yake, akatoa ufunguo mwingine, wa zamani, uliochakaa kwa kushikwashikwa. Mama Funguo aliutambua kabla haujafika mezani, maana fundi hasahau meno aliyoyachonga.

"Haufungui chochote, najua," mama mkwe alisema. "Siku ile ulipokataa kuzunguka nilijua kwa nini. Nilisema neno baya jikoni, mwanangu. Nilikuwa na uchungu nikautupa kwako. Nilitaka kukuomba radhi, kila nikipiga simu naishia kwenye hujambo."

"Mimi nilikujibu kwa methali," alisema Mama Funguo, "na panya wenyewe wamenisuta."

"Panya wapi?"

"Nyuma yako, Mama," wifi akasema.

Mama mkwe aliruka kitini kwa wepesi usiolingana na umri wake. Ilichukua muda kumtuliza, na muda zaidi kumsimulia yaliyotokea na kumshawishi achungulie. Alichungulia akiwa amejiziba mdomo kwa khanga. Aliwaona wachanga wawili, macho wazi, na yule asiye na mkia amewakumbatia utadhani ni wake.

"Huyo kikongwe ndiye aliyezalisha?"

"Ndiye."

"Na mkia wake?"

"Haukuota tena."

Mama mkwe aliupokea ule ufunguo mpya, akauokota na wa zamani mezani. Kisha akaufunga huo mpya pembeni ya ule wa zamani katika fundo lilelile, halafu akaona haitoshi, akaufungua tena. Akatoka nje. Akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika. Mama Funguo na wifi yake walitazamana. Walisikia ufunguo unaingia taratibu, unatulia kidogo, unazunguka. Mlango ukafunguka.

"Hodi," alisema mama mkwe, akiwa ameshaingia.

"Karibu, Mama," akasema Mama Funguo.